Nukta Imeangukia Angola: kutatua matatizo ya kuweka anwani za safari kwenye ramani

Mama mmoja wa Bwaise, Kampala, aliulizwa katika utafiti wa safari za kaya jana yake alikwenda wapi. Akajibu vizuri kabisa: "Nilikwenda kwa dada yangu, Kazo Angola. Unapita mashine ya kusaga, unavuka mtaro, unaulizia Hajati wa mkaa." Kwa miguu, dakika 20. Mdodosaji akaandika "Kazo Angola", akaenda nyumba ya pili. Jioni programu ya kutafuta mahali ilisoma maneno hayo mawili na kuiweka safari ya mama nchini Angola.

Nukta ile sijaisahau, kwa sababu mama hakukosea chochote. Alitupa anwani ambayo dereva yeyote wa boda pale Bwaise angeifuata bila kuuliza mara mbili. Kosa letu lilikuwa kutafuta jina na namba mahali ambapo mtu ametueleza njia. Matatizo mengi nitakayoyataja hapa yanatoka kwenye shina hilo.

Utafiti wa safari za kaya huuliza kila mtu wa nyumba mambo yaleyale: jana ulitoka wapi, ukaenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, kwa shughuli gani. Nyumba yenyewe huwa na namba za GPS, maana mdodosaji alisimama mlangoni na tableti. Kule mtu alikokwenda hakuna aliyesimama. Kuna maneno tu. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha lolote, hakikisha maneno ya mhojiwa yako kwenye safu yake peke yake na hakuna anayeigusa. Usafishaji wote ufanyike kwenye nakala. Nimeona timu ikisahihisha tahajia juu ya maneno ya asili, na walipogundua wamekosea hawakuwa na pa kurudi.

Nukta ziko nje ya Uganda

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, kwa sababu inapiga kelele yenyewe. Angalia zimeangukia wapi, utajua chanzo.

Zikiwa jangwani Algeria, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Kampala iko karibu na latitudo 0.31 na longitudo 32.58. Zigeuze, unafika Algeria magharibi. Chanzo ni kwamba sisi tumezoea kuandika latitudo kwanza, lakini faili za GeoJSON na hifadhidata za ramani zinataka longitudo kwanza. Geuza safu, tatizo limekwisha.

Zikiwa baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, namba zako ni sifuri na sifuri. Seli zilizokuwa tupu zimejazwa sifuri wakati wa kuhamisha faili. Zirudishe kuwa tupu. Kitu kisichojulikana kisipewe mahali.

Zikiwa karibu na Ncha ya Kaskazini, mtu ametumia mfumo wa UTM, unaopima mahali kwa mita badala ya digrii, bila kukumbuka kwamba Uganda imekatwa na ikweta. Sehemu kubwa ya nchi iko kanda ya 36, lakini kuna 36 ya kaskazini na 36 ya kusini. Upande wa kusini hesabu huanzia 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua, hivyo Masaka husomeka kama 9,962,000 hivi. Ukiiambia programu kwamba hiyo ni 36 ya kaskazini, itahesabu karibu kilomita 10,000 kutoka ikweta kwenda juu.

Na zikiwa Congo, Afrika Kusini au Balkani, basi umekutana na majina ya mitaa yetu. Kampala ina Katanga, bondeni kati ya Makerere na Mulago. Namuwongo kuna Soweto. Upande wa Lubaga kuna Kosovo. Programu iliyofundishwa dunia nzima itachagua Katanga kubwa. Iwekee mipaka: kwenye Nominatim, programu ya kutafuta mahali inayotumia data ya ramani huria ya OpenStreetMap, unaweza kutaja nchi kuwa "ug" na kuchora kisanduku cha kutafutia. Kwa Kampala na viunga vyake, longitudo 32.2 hadi 32.9 na latitudo 0.0 hadi 0.6 inatosha kuchukua Entebbe, Wakiso, Mpigi na Mukono.

Lakini sisi tuliokulia Busia tunajua hatari ya kufunga mpaka. Busia ni mji wa pande mbili wenye jina moja. Mtu anavuka asubuhi kuuza nyanya Kenya na kurudi mchana. Ukifungia utafutaji ndani ya Uganda, safari yake halali itavutwa irudi upande huu, na ramani itasema hakuvuka. Kwenye maeneo ya mpakani, kisanduku kipite mpaka.

Nukta ziko Uganda, lakini si huko

Hapa ndipo penye makosa yanayopita bila kuonekana, maana ramani inaonekana nzuri.

Mfano wa alama ya kutoa. Masaka iko latitudo -0.34 na longitudo 31.73. Ile alama ikidondoka wakati wa kunakili, Masaka inahamia kaskazini mwa ikweta, kati ya Mubende na Mityana, kama kilomita 75 kutoka ilipo. Hakuna kengele itakayolia, kwa sababu Mubende pia ni Uganda. Ikague hivi: barabara ya Masaka inakatwa na ikweta pale Kayabwe. Safari yoyote inayotaja Masaka, Lyantonde, Rakai, Mbarara au Kabale lazima iwe na latitudo yenye alama ya kutoa. Chuja kwa maneno ya mhojiwa, si kwa ramani.

Kisha majina pacha. Kazo ya Kawempe inapakana na Bwaise, lakini kuna Kazo nyingine Ankole ambayo tangu 2019 ni wilaya kamili, takriban kilomita 200 kutoka Kampala. Bukoto iko Nakawa, na Bukoto nyingine iko Masaka. Kira ni manispaa ndani ya Wakiso, Kiira iko Jinja, na Kira Road inapita Kamwokya. Programu ikiulizwa "Kazo" hupendelea kilicho kikubwa kwenye orodha yake, na wilaya ni kubwa kuliko mtaa.

Dawa ya majina pacha si kuchagua iliyo karibu kila mara. Wapo watu ambao kweli walikwenda Ankole. Soma safari nzima: alitumia chombo gani, alitumia muda gani, alirudi siku hiyohiyo? Aliyekwenda Kazo kwa miguu akarudi kupika chakula cha mchana hakwenda Ankole. Aliyeondoka alfajiri kwa basi akalala huko, huenda alikwenda. Taarifa hizo ziko kwenye dodoso lilelile, mstari uleule, na inasikitisha jinsi zinavyoachwa wakati wa kutafuta mahali.

Mipaka nayo hubadilika. Terego ilikatwa kutoka Arua mwaka 2020, na katika kipindi hicho miji kama Gulu, Mbale, Jinja, Mbarara na Arua yenyewe ikawa majiji. Ukitumia ramani ya mipaka ya sensa ya 2014 kwa majibu ya leo, majina mapya hayatapata pa kukaa.

Nukta nyingi zimerundikana mahali pamoja

Kuza ramani uone nukta 60 zimekaa juu ya nukta moja. Usiseme bado kwamba ni kosa la mdodosaji. Kuna vyanzo vitatu, na kila kimoja kina sura yake.

Cha kwanza: rundo liko katikati ya gombolola (sehemu ya wilaya) au wilaya, mahali pasipo na kitu. Programu haikupata mtaa, ikarudi ngazi moja juu na kukupa kitovu cha eneo zima bila kukuambia. Kwenye wilaya ya Kalangala, ambayo ni visiwa, kitovu kinaweza kuwa katikati ya Ziwa Victoria. Soma safu ya aina ya jibu inayokuja na kila nukta: je, imepata jengo, barabara, mtaa, au wilaya tu? Nukta ya ngazi ya wilaya isiingie kwenye hesabu ya umbali wa safari. Itabaki kama wilaya.

Cha pili: nukta zimejipanga kama vigae, kwa nafasi sawa. Hapo tarakimu zimekatwa. Kwenye ikweta, digrii moja ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta zinakupa miraba ya zaidi ya kilomita moja. Kwa mtu aliyetembea dakika 8 hadi sokoni, hiyo ni kufuta safari yake yote. Tarakimu nne zinakufikisha mita 11, tano ni bora. Mkosaji mara nyingi ni jedwali la Excel lililopangwa kuonyesha tarakimu mbili kisha likahifadhiwa kama faili ya maandishi. Rudi kwenye faili ya asili, maana kilichokatwa hakirudishwi.

Cha tatu kinahusu nyumba, na kinahitaji uangalifu kwa sababu kinagusa kazi ya mtu. Katika kazi moja tulikuta kaya 14 zenye namba zilezile hadi tarakimu ya mwisho. Msimamizi alitaka kumwondoa mdodosaji siku hiyohiyo. Namba zinazofanana namna hiyo hakika si vipimo 14: hata vyumba viwili vya muzigo mmoja (nyumba ya vyumba vya kupanga), mlango kwa mlango, havitoi GPS sawa kwa tarakimu sita, maana kipimo hutikisika. Kwa hiyo kipimo kilikuwa kimoja, kimenakiliwa. Swali ni nani aliyekinakili.

Tukafungua safu ya GPS yenyewe. Kwenye ODK na KoboToolbox, programu za dodoso la tableti, huwa na namba nne zilizotenganishwa kwa nafasi: latitudo, longitudo, mwinuko na usahihi kwa mita. (Ukiona longitudo ya 1,190, umechukua mwinuko wa Kampala kwa bahati mbaya.) Namba ya nne ilikuwa ileile kwa kaya zote 14. Saa za mahojiano, hata hivyo, zilikuwa tofauti na za kuaminika, kila moja ikichukua dakika 35 au 40, na majibu ya kaya hayakufanana. Dada yule alikuwa ameanzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), akapima pale, kisha akazima GPS ili betri ifike jioni kwa kuwa mtaa haukuwa na umeme. Tableti ikaendelea kumpa kipimo cha mwisho. Alifanya kazi yake, na kaya zake zilikuwa za kweli. Alichokosa ni betri ya akiba, na hiyo ni juu yetu tuliomtuma.

Fomu iwekewe masharti: isikubali kipimo chenye usahihi mbaya kuliko mita 10 bila sababu kuandikwa, na mdodosaji atoke chini ya bati asimame uani dakika moja. Zile kaya 14 tuliziacha kwenye eneo lao la kuhesabia, kisha mwenyekiti akatembea na mdodosaji, orodha mkononi, wakapima upya siku moja.

Programu inasema haijapata kitu

Nusu ya majina "yasiyopatikana" yapo kwenye ramani kwa tahajia nyingine. Hapa mtu anayejua Luganda ana thamani kuliko kompyuta kubwa.

Luganda huandika konsonanti mbili pale sauti inapokazwa na irabu mbili pale inapovutwa. Watu hawaandiki hivyo kila siku. Utakuta Ggaba na Gaba, Nateete na Natete, Bbunga na Bunga, Najjera na Najera, Kyaliwajjala kwa namna ambazo sijawahi kuzimaliza. Herufi "r" kwa kanuni huja baada ya "e" au "i", kwingine ni "l", ndiyo maana Lubaga na Rubaga ni mahali pamoja. Kisha wako wadodosaji wanaosikia kwa sikio la Kiswahili, kutoka Busia, Arua, au waliokulia kambi za polisi za Naguru na Nsambya. "Ky" ya Luganda kwao ni "ch". Wanaandika Chengera, Chebando, Chaliwajala, na wameandika walichosikia kwa uaminifu.

Tengeneza ufunguo wa sauti: punguza herufi zilizorudiwa ziwe moja, fanya "r" na "l" kuwa herufi moja, "ky" na "ch" ziwe moja, "gy" na "j" ziwe moja. Pitisha ufunguo huo kwenye majibu na kwenye orodha ya majina unayoiamini, kisha linganisha funguo kwa funguo. Mwanzo mzuri wa orodha ni majina ya vijiji, miluka (sehemu za gombolola) na magombolola yanayotumiwa na Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, pamoja na vituo vya kupigia kura.

Tahadhari moja: ufunguo huo unaunganisha Kira na Kiira. Kwa hiyo ufunguo upendekeze, na mtu aamue, akiwa na wilaya ya mhojiwa mbele ya macho. Na usifanye ulinganisho wa herufi peke yake kwa zoni, yaani mitaa midogo ndani ya muluka. "Church Zone", "Market Zone" na "Central Zone" ziko kwenye miluka mingi mno. Jina la zoni bila muluka halina maana yoyote.

Jina lipo mdomoni, halipo ardhini

Mtu anasema alishuka "Nakumatt Oasis". Nakumatt iliondoka Uganda 2017 na pale Oasis Mall pakaja Carrefour, lakini jina linaendelea kufanya kazi. Ndivyo ilivyo kwa Shoprite, iliyoondoka 2021. Soko la Owino kwenye karatasi za serikali ni St. Balikuddembe. Uwanja wa Namboole ni Mandela National Stadium. "Tawuni" ni katikati ya jiji, na "Kikuubo" ni kichochoro cha maduka ya jumla ambacho kila mfanyabiashara anakijua.

Hakuna programu itakayokusaidia hapa. Tengeneza kamusi yako ya mahali: jina kama linavyosemwa, majina yake mengine, nukta, na mwaka uliothibitishwa. Anza na steji, yaani vituo vya teksi, yale mabasi madogo ya abiria. Steji ndiyo nanga ya anwani zetu, kwa sababu watu wanakumbuka waliposhukia teksi na walichomwambia kondakta. Chukua mtu mmoja kwenye kila barabara kuu, Bombo, Hoima, Masaka, Entebbe, Ggaba, Gayaza, Jinja, apande teksi mwanzo hadi mwisho akipima kila steji na kuandika jina linaloitwa ndani ya gari. Siku chache za kazi hiyo zilitupa sisi mafanikio kuliko kila tulichokuwa tumejaribu mezani.

Ukiwa na steji, anwani yoyote inasomeka kwa mpangilio uleule wa mama wa Bwaise: nanga, kisha mwelekeo, kisha mtu wa kuulizia. Weka nukta kwenye nanga, andika mwelekeo kando, na jina la mtu wa kuulizia lifutwe kabla faili haijatoka ofisini.

Nyumba moja ina nukta nne

Mtu alitoka nyumbani, akaenda kazini, sokoni, akarudi nyumbani. Kila mguu wa safari umetafutiwa mahali peke yake, na neno "nyumbani" au "Kireka" limepata nukta tofauti kila mara. Matokeo yake analala mahali tofauti na alikoamka. Tengeneza jedwali la mahali kwa kila mtu: nyumbani ni nukta ya GPS ya kaya, kazini ni moja, shule ni moja, na safari zielekeze huko. Dereva wa boda au wa teksi apewe steji yake kama mahali pa kazi, na mizunguko yake ya siku isigeuzwe kuwa safari.

Kila kitu kimesogea mita 300

Nukta zote zimehama kwa umbali uleule kaskazini au kusini, barabara inapita juu ya nyumba. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa kipimo cha msingi kiitwacho Arc 1960, na GPS hutumia kingine, WGS84. Ukichanganya bila kubadilisha, tofauti huku kwetu ni takriban mita 300. Taja kipimo sahihi cha ramani ya zamani, uache programu ibadilishe. Usisukume nukta kwa mkono.

Ramani nzuri, safari haiwezekani

Hiki ndicho kipimo cha mwisho. Gawanya umbali kwa muda. Aliyetembea kutoka Bwaise hadi Mukono kwa dakika 10 amewekewa mahali pasipo pake. Kwa kutembea, chochote juu ya kilomita 7 kwa saa kirudi mezani. Kwa boda na teksi uwe mpole zaidi, maana foleni ya jioni na barabara ya Northern Bypass ya saa nne usiku si safari moja. Zilizoshindwa zisomwe na mtu, maneno ya asili yakiwa mbele yake.

Jambo moja kuhusu kutuma anwani kwenye programu za nje. Mahali anapolala mtu na njia yake ya kila siku ni taarifa binafsi, na Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019. Kwenye seva ya nje tuma jina la mahali tu, bila namba ya kaya wala saa za safari. Seva ya umma ya Nominatim pia hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde na haitaki mizigo mikubwa. Ukiwa na maelfu ya anwani, sakinisha yako.

Kila nukta iandikiwe ngazi yake: jengo lenyewe, steji au alama ya karibu, zoni, muluka, au gombolola. Mhandisi wa barabara anayehitaji miluka atachukua zote isipokuwa za gombolola. Anayepima safari za miguu atachukua mbili za kwanza, na asipopewa safu hiyo hatajua cha kuacha. Zilizobaki kabisa, piga simu kwa kaya kabla wiki mbili hazijapita, maana baada ya hapo watu hawakumbuki jana ile.

Safari ya yule mama sasa iko Kazo ya Kawempe, ngazi ya zoni, ndani ya duara la mita 400, kwa miguu, dakika 20. Mashine ya kusaga tuliipima baadaye na imo kwenye kamusi. Mtaro pia.